Zawadi ya Hadithi Fupi

Mwaka 2015, katika mji wa Grenoble, Ufaransa, wachapishaji Short Édition waliweka mashine nane za kugawa hadithi fupi bila malipo. Msomaji huchagua muda alio nao, dakika moja, tatu au tano, naye hupewa hadithi katika ukanda wa karatasi mfano wa risiti ya duka.

Sisi hatuhitaji mashine. Kwa desturi kitabu cha zawadi humpa mwanafunzi wa kwanza, ambaye (tukubali) amekwisha kupenda kusoma. Anayeshika mkia hupiga makofi tu. Mwalimu mwenye mkusanyo wa hadithi fupi na anakili moja kwa mkono, ampe huyo wa mkiani aende nayo nyumbani, wala kesho yake asimwulize maswali. Akija kuomba nyingine, ndipo aonyeshwe kitabu chenyewe.