Hesabu Ianze Siku ya Kurudi Nyumbani

Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Taifa letu limeipindua methali hiyo. Tumejifunza, kwa gharama na jitihada za kweli, kumwokoa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 ya ujauzito. Kisha siku anapovuka lango la hospitali tunakunja mikono na kusema kazi imekwisha. Muuguzi anatia saini karatasi ya ruhusa. Ndugu wanatuma salamu za pongezi. Mwajiri anaulizia tarehe ya kurejea kazini. Na mama anabaki chumbani na mapacha wawili ambao kwa pamoja hawafikishi uzito wa mfuko wa unga wa kilo 5.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Sheria zetu za kazi, huduma zetu za afya na hata mila zetu za uzazi zinahesabu siku za malezi kuanzia tarehe ya kujifungua. Kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa hesabu hiyo ina mantiki, maana siku ya kuzaliwa na siku ya kufika nyumbani hukaribiana. Kwa watoto njiti ni hesabu ya dhuluma, kwa sababu msaada wote unakwisha kabla mzigo haujatua.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwalimu wa shule ya msingi anajifungua mapacha tarehe 1 Machi, ujauzito ukiwa na wiki 30. Tuwaite Kurwa na Doto. Wanalazwa katika wodi ya watoto wachanga kwa wiki 6 na kuruhusiwa tarehe 12 Aprili. Sasa tufungue kalenda tatu: ya baba, ya mila na ya mama.

Kalenda ya kwanza ni ya baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, ilimpa mwajiriwa likizo ya siku 3 zisizopungua mtoto wake anapozaliwa, kwa sharti kwamba azichukue ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa. Sheria hiyo ikajihadhari hata kufafanua kwamba siku hizo hazizidi, iwe amezaliwa mtoto mmoja au zaidi. Katika mfano wetu, dirisha la baba linafungwa wiki ya kwanza ya Machi. Watoto wanafika nyumbani zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Siku zake amezitumia kukaa kwenye benchi nje ya wodi, kununua dawa na kupeleka chakula. Hata tukizifanya siku 3 kuwa 7, hesabu haibadiliki: ni siku za kusubiri hospitalini, si siku za kulea. Siku Kurwa na Doto wanapoingia ndani ya nyumba, baba yao yuko kazini kihalali, na kwa mujibu wa sheria hana cha kudai.

Kalenda ya pili ni ya mila. Katika pwani yetu, na sehemu nyingi za bara zilizopokea desturi hiyo, mzazi hutunzwa kwa siku arobaini. Hapiki, hachoti maji, huletewa uji na mtori, hukandwa, na mtoto hatolewi nje. Ni hifadhi ya jamii tuliyokuwa nayo kabla ya kuwa na wizara. Lakini arobaini nayo inahesabiwa tangu kujifungua. Kwa mwalimu wetu inatimia tarehe 9 Aprili, siku tatu kabla ya watoto kuruhusiwa. Shangazi aliyetoka kijijini kuja kumhudumia mzazi ameshamaliza muda wake, na shamba linamwita. Majirani waliokwisha kuleta kuku na sabuni hawaleti mara ya pili. Arobaini yote imekwenda kwenye korido za hospitali, na nyumbani inaanza siku ya kwanza isiyo na jina wala desturi.

Kalenda ya tatu ni ya mama, na hapa haki inatutaka tukiri kwamba hatua imepigwa. Sheria ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hesabu hiyo mwalimu wetu angepoteza siku 42 hospitalini na kubaki na 58 nyumbani. Kelele za wanaharakati na wazazi zilisikika: serikali ilitoa ahadi kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2024, na marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika Februari 2025 yakairefusha likizo ya mama wa mtoto njiti kwa kufidia muda uliobaki hadi wiki ya 40 ya ujauzito. Kwa mwalimu wetu hizo ni wiki 10. Ni ushindi, na waliopigania wanastahili heshima.

Lakini tuusome ushindi huo kwa makini. Kwa mara ya kwanza sheria imekubali kwamba tarehe ya kuzaliwa si mwanzo sahihi wa hesabu ya malezi ya mtoto njiti. Ikishakubali hivyo kwa mama, kwa nini isikubali kwa baba? Na ikishakubali kwa mwalimu mwenye mkataba, kwa nini isikubali kwa mama lishe, mkulima wa mpunga na muuza samaki, ambao hawana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo? Wanawake wengi wa nchi hii wanafanya kazi zisizo na mkataba. Kwao marekebisho ya 2025 ni habari ya redioni. Mama lishe aliyefunga jiko lake wiki 6 kukaa na watoto hospitalini anarudi nyumbani akiwa ametumia mtaji, amepoteza wateja, na ana watoto wawili wasioruhusiwa kukaribia moshi.

Wanaoandika sera waelezwe wiki hizo za kwanza zina kazi gani, maana neno «malezi» limekuwa laini mno. Mtoto wa umri huo hunyonya au hunyweshwa maziwa mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mapacha ni mara 16 hadi 24. Mmoja akishindwa kunyonya kwa nguvu, maziwa hukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, kisha kikombe kichemshwe. Joto la mwili lilindwe usiku na mchana. Dalili za hatari zifahamike: mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua kwa kasi au kusita kupumua, anayepoa au kuchemka, anayegeuka manjano, anayelegea. Kliniki za ufuatiliaji zihudhuriwe. Aliyezaliwa mapema mno apimwe macho mapema, kwa kuwa retina isiyokomaa inaweza kuharibika na kuleta upofu ambao ungezuilika. Yote haya mara mbili, na mara nyingi kwa ratiba mbili, kwani si ajabu Kurwa aruhusiwe wiki moja kabla ya Doto. Hapo mama hugawanyika kati ya nyumba na wodi.

Kisha kuna kifua. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Kolombia, akikabiliwa na upungufu wa mashine za joto, alianza kuwafunga watoto njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo, tunayoiita ya kangaruu, imekuwa nguzo ya tiba duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za nchi tano ikiwamo Tanzania, ulionyesha kwamba kuianza mara tu mtoto anapozaliwa kulipunguza vifo kwa takriban robo, ikilinganishwa na utaratibu wa kusubiri hali yake itulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mtoto abebwe hivyo kati ya saa 8 na 24 kila siku, hospitalini na nyumbani.

Hapo ndipo hesabu ya mapacha inapoumbua sera yetu. Mama ana kifua kimoja na anahitaji kulala, kula na kuoga. Kifua cha pili kitatoka wapi? Baba anaweza kubeba mtoto kwa kanga kama mama. Ngozi yake ina joto lile lile. Kwa hiyo likizo ya baba wa mapacha njiti si zawadi ya kumpumzisha mwanamume, wala si mtindo wa kuigwa kutoka Ulaya. Ni sehemu ya matibabu. Kumrudisha kazini siku hiyo ni sawa na kuchomoa mashine ya joto ukutani kwa sababu mkataba wa mashine ulihesabiwa tangu siku iliponunuliwa.

Najua majibu mawili yatakayotolewa, maana hutolewa kila mara.

La kwanza husema: «Sisi ni Waafrika, tuna familia, bibi atasaidia.» Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bibi huyo ni nani? Ni mwanamke wa miaka sitini mwenye shamba, mifugo na pengine wajukuu wengine. Akija mjini miezi miwili, msimu wake unapotea na hakuna anayemfidia. Asipokuja yeye, huletwa binti wa ndugu aliyekatishwa masomo, na hapo tunamwokoa mtoto mmoja kwa kumzamisha mwingine. Tunapoisifu familia ya Kiafrika kutoka kwenye jukwaa, mara nyingi tunasifu kazi ya wanawake isiyolipwa na kuifanya kuwa mbadala wa bajeti. Naiheshimu familia kuliko hivyo. Familia inayobeba sehemu yake inastahili kuikuta serikali ikibeba yake.

Jibu la pili husema hakuna fedha. Lakini fedha tayari zimetumika: wodi, oksijeni, mashine, dawa, wauguzi wa zamu tatu kwa wiki 6. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ni bure, ingawa wazazi wanajua orodha ya vitu wanavyotumwa kununua dukani. Mtoto aliyeokolewa kwa gharama hiyo akirudishwa hospitalini amepoa na kudhoofu kwa sababu nyumbani hakukuwa na mikono ya kutosha, hatujabana matumizi. Tumelipa mara mbili, na pengine tumezika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wanampa baba wiki 2 zenye malipo, na viwanda vya Thika havijafungwa kwa sababu hiyo.

Basi tudai mambo ambayo hayahitaji muujiza. Kwanza, kifungu cha likizo ya baba kirekebishwe ili kwa mtoto njiti dirisha la kuichukua lifunguliwe siku ya kuruhusiwa hospitalini, na siku ziongezwe wanapozaliwa wawili au zaidi. Pili, karatasi ya ruhusa ya mtoto njiti isiishie mkononi mwa mama. Nakala yake ifike kwenye zahanati ya mtaa au kijiji chake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafunza zaidi ya wahudumu 130,000 wa afya ngazi ya jamii. Mmoja wao agonge hodi kwa Kurwa na Doto ndani ya siku chache za kwanza, na arudi tena. Tatu, kaya za wasio na ajira rasmi zipewe ruzuku ya muda kwa ajili ya nauli za kliniki na chakula cha mama. Tuna mfumo wa TASAF unaofikisha fedha kwenye kaya maskini na kuzihimiza zihudhurie kliniki. Kuuelekeza kwa wazazi wa watoto njiti ni uamuzi, si uvumbuzi.

Nne ni letu wenyewe, wala halihitaji Bunge: tuihamishe arobaini. Ukoo unaojua kuhesabu siku za mzazi unaweza kuanza kuzihesabu siku watoto wanapofika nyumbani. Shangazi aje siku hiyo. Kuku aletwe siku hiyo. Mgeni anawe mikono, asiombe kubeba mtoto, aulize ndoo iko wapi.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma hapa: baadhi yenu mnashika kalamu inayoidhinisha likizo. Sheria huweka kiwango cha chini. Haimkatazi mwajiri kuzidisha. Kwenu wanafunzi wa sheria: chukueni kifungu cha 34, kisomeni kando ya tarehe 12 Aprili, mkaandike marekebisho yake. Kwenu wanaharakati: mlishinda mwaka 2025 kwa kuihamisha hesabu ya mama. Kazi iliyobaki ni kuihamisha hesabu ya baba, kisha ya yule mama asiye na mwajiri. Na tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, kiongozi atakapokabidhi mashine nyingine mbele ya kamera, mpigieni makofi, halafu mmuulize swali moja: mtoto huyu akiruhusiwa kesho, nani atakuwa nyumbani kumpokea?