Mpaka wa Parki: nani aliulizwa?

Mara hii tunasema juu ya Parki ya Kahuzi-Biega, maana wengi kati yetu tumekulia pembeni yake, na ikitajwa darasani mabishano yanakuwa makali. Wamoja wanasema gadi ni adui. Wengine wanasema watu ndio wanaharibu pori. Sisi tunauliza lingine: mbele ya kukata ule mpaka, nani aliulizwa?

Parki ilianzishwa mwaka wa 1970 kwa kulinda gorila, hektari 60 000. Mwaka wa 1975 serikali ikaipanua kufika hektari 600 000, mara kumi! Batwa, wenyeji wa pori, waliondolewa bila kuulizwa wala kulipwa. Mtu analala kwake, kisha wanamwambia yeye ni mwizi katika pori la babu yake. Mwaka wa 2018 Batwa wamoja wakarudi kwa nguvu, na watu wakafa, Batwa na gadi pia. Mwaka wa 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: haki za Batwa zilivunjwa.

Hatusemi pori lifunguliwe kwa kila mtu. Makala yanayouzwa mjini yanatoka wapi? Tunajua. Pori likiisha, hata yule Mtwa hatapata tena asali wala dawa.

Kuna sheria ya Februari 2014 inayotaka watu waulizwe mbele ya kuunda parki mpya. Vizuri, lakini Kahuzi iko tangu zamani. Na kuuliza kwenyewe ni namna gani? Kumwita chefu mmoja, kumpa soda na karatasi ya kutia sahihi, kisha kuandika asema "wananchi wamekubali", hapana, ile si kuuliza. Wamama wanaotafuta kuni wanajua mpaka kushinda chefu, lakini mkutanoni wanakaa nyuma, kama wanaitwa.

Tunaomba basi: ramani ya mpaka iletwe vijijini, isomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, si Kifaransa tu. Wazee, wamama na Batwa wakae mbele. Kisha watembee pamoja na gadi, jiwe kwa jiwe, na kila mahali wasipopatana paandikwe.