Mwano Usipigwe kwa Ajili ya Ng'ombe Peke Yao



Katika nchi hii ya Wanyamwezi na Wasukuma, ng'ombe akiibwa usiku hakuna anayeulizwa kama ana nafasi. Mwano unapigwa, wanaume wanatoka na pinde na fimbo, kijiji cha jirani kinaupokea na kuupeleka mbele, na anayebaki kitandani anatozwa faini. Ndivyo Sungusungu walivyojipanga tangu miaka ya mwanzo ya 1980 huku kwetu Nzega na kwa jirani zetu wa Kahama, wakati wezi wa mifugo walipokuwa wamewachosha watu, hata Serikali ikawatambua kisheria mwaka 1989. Hatusemi kwamba kila walilolitenda lilikuwa la haki. Tume yetu ina mengi ya kusema juu ya hilo, na yana siku yake. Lakini tunauliza: mbona ng'ombe akipotea tunatoka sote mbio, na mchunga ng'ombe akivunjika mguu tunapita mlangoni kwake, tunatoa pole, tunaendelea na safari?

Tunaye rafiki wa namna hiyo kati yetu. Jina lake hatuliandiki, maana hakuomba kuandikwa, na wanaomfahamu wanamfahamu. Ni kijana aliyekuja kutafuta kazi ya kuchunga, akapatana na tajiri wake kwa maneno ya mdomo: chakula, mahali pa kulala, na mtamba mmoja mwaka ukiisha. Kiangazi kilipokaza na ng'ombe wakawa na kiu, walisukumana kuteremka lamboni. Dume moja likamtupa, likampita juu, na mfupa wa paja ukavunjika. Kabla ya kuanguka alikuwa amekwisha kuwatenga ndama wasikanyagwe. Jioni ile ng'ombe walirudi zizini, wakahesabiwa, wakatimia. Yeye alifika baadaye sana, amefungwa kwa kanga juu ya pikipiki.

Katika Injili ya Yohane, sura ya kumi, tunasoma juu ya mtu wa mshahara ambaye hukimbia amwonapo mbwa mwitu, kwa sababu kondoo si mali yake. Tumezoea kumhubiri mtu huyo kwa lawama. Basi na tuseme kwa haki kwamba huyu wetu alikuwa mtu wa mshahara, na hakukimbia.

Paja si kidole. Linapovunjika, damu nyingi inaweza kumwagika ndani ya mwili pasipo kuonekana nje, na mfupa hauungi kwa siku chache. Mgonjwa hulazwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito, ama hupasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Hatuwadharau mafundi wetu wa kuunga mifupa. Wapo wenye mikono ya ajabu, na wengi tuliwaona tangu utotoni. Lakini penye jeraha lililo wazi kuna hatari ya pepopunda, na banzi likikazwa mno huzuia damu, mguu ukaoza, na aliyekwenda kwa fundi amevunjika akarudi amekatwa. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa kila jumuiya ni hili: aliyevunjika paja apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na habari za fedha zizungumzwe akiwa njiani. Iwe ni Ndala, au Kitete mjini Tabora, au Nkinga kwa ndugu zetu Wapentekoste, au hata Bugando, asingoje baraza la ukoo.

Sasa, gharama ni ya nani? Hapa ndipo wengi wetu huinamisha macho. Tunapenda kusema ni bahati mbaya, ni mapenzi ya Mungu. Lakini Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, hakikuliachia jambo hili bahati. Kinatofautisha ng'ombe aliyepiga pembe mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa juu yake, asimfunge. Na huyu mwenye ng'ombe wa pili anabebeshwa hatia nzito. Watu wa kale, wafugaji kama sisi, walijua kwamba mali huzaa wajibu pamoja na ndama.

Sheria za nchi zinasema jambo la jamii hiyo hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. (Wenye kuwatuma wachungani watoto wa watu wa umri huo, na kisha kuketi viti vya mbele kanisani, wajisomee wenyewe.) Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko ambao mwajiri peke yake ndiye mchangiaji, wala hamkati mfanyakazi senti, na Mfuko huo ukaanza kupokea michango mwaka 2015. Ni sheria njema. Lakini mchunga ng'ombe wa Bukene, asiye na karatasi hata moja, anayelipwa mtamba badala ya fedha, ameandikishwa wapi? Tajiri wake hajui kwamba yeye ni mwajiri. Anajiona mfadhili aliyempa kijana chakula. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa wanatembea nyuma ya vijana ambao hakuna daftari linalowajua.

Hata bima ya jamii huwapita. Ni fahari ya mkoa wetu kwamba Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, mwaka 1996, kabla haujaenea nchini. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Na ni nani aliyeandikwa katika wale sita? Baba, mama, na watoto wanne. Kijana wa kuchunga, alalaye uani, hakuhesabiwa kuwa wa kaya, ingawa maziwa yaliyonywewa mezani alikuwa ameyakamua yeye. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi kila mwenye mifugo atakapoandikisha watu wake, ahakikishe na huyu ameandikwa, kwa njia yoyote itakayokubalika.

Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alipoandika juu ya wafanyakazi mwaka 1891, alikuwa na viwanda vya Ulaya mbele ya macho yake. Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, alifundisha waziwazi kwamba mtu aliyeumia kazini anastahili matibabu yaliyo karibu naye, kwa gharama ndogo au bure kabisa. Hakusema kazi ya kiwandani tu. Machungani ni kazini.

Nasi watu wa njia hii ya misafara tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Mababu zetu walikuwa wapagazi mashuhuri kutoka Tabora hadi pwani, na tunajisifia nguvu za mabega yao. Mara chache tunataja ya kwamba mpagazi aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa njiani, na mzigo wake ukagawiwa wengine. Pembe za ndovu zilifika.

Tumesikia na manung'uniko. Wengine wanasema, "Huyu si wa jumuiya yetu, wala hajabatizwa." Msamaria hakumwuliza majeruhi cheti cha ubatizo. Jirani zetu Waislamu wamekwisha kumpelekea uji mara kadhaa, na tunawaomba tushirikiane nao tangu mwanzo, tusiwaite mwishoni kama wageni. Wengine wanasema wamechoka na michango isiyo na hesabu. Hao wana haki kabisa, na hatuwezi kuwajibu kwa mahubiri. Tutawajibu kwa daftari.

Kwa hiyo Tume, pamoja na Caritas ya parokia, imeazimia hivi. Wazee watatu watamwendea tajiri wake, faraghani, bila kumtangaza, wamwombe mambo mawili: achangie matibabu kama mwajiri, na ampe kijana haki ya miezi aliyokwisha kuitumikia, wala asiseme mwaka haujaisha. Kila jumuiya italeta fedha au debe la mpunga au mahindi. WAWATA watapanga zamu ya chakula cha mgonjwa na cha mama yake anayemwuguza. Vijana wa VIWAWA watatoa watu wa kuchunga wale ng'ombe kwa zamu, ili tajiri asipate sababu ya kuajiri mwingine na kumsahau wa kwanza. Mapokezi yote yataandikwa na watu watatu, mmoja wao akiwa Mwislamu, na hesabu itabandikwa mlangoni pa kanisa na kusomwa kila Dominika hadi senti ya mwisho.

Nafaka ipokelewe ghalani parokiani siku za Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi. Jumuiya zilizo mbali zisiwabebeshe akina mama magunia kichwani: tupashane habari mapema, na mkokoteni wa maksai utawafuata.