Usingizi hauji? Yoga husaidia, lakini si peke yake

SAA nane usiku, Njinjo imelala. Mama wa watoto wanne yuko macho ndani ya chandarua, anasikiliza mvua juu ya bati. Tangu mafuriko ya Januari 2020 yaliyovikumba vijiji vya Kilwa, mvua ya usiku humtoa usingizini, na akishaamka halali tena mpaka alfajiri. Mchana anawafokea watoto, kisha anajuta.

Dukani aliuziwa vidonge vya diazepamu bila cheti cha daktari. Wiki ya kwanza vilimlaza. Baadaye kimoja hakikutosha, akaongeza. Usiku mmoja kichanga wake alilia mpaka bibi yake akaja kutoka chumba cha pili. Mama, aliyelala naye kitanda kimoja, hakusikia kitu.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa hiyo hupita kwenye maziwa ya mama, na mzazi aliyelemewa nayo anaweza kumlalia mtoto asijue.

Binti yake anayesoma Lindi mjini alipiga simu. “Shikamoo mama. Jaribu yoga.”

“Marahaba. Yoga? Si ibada ya Wahindi hiyo, mwanangu?”

Swali la haki. Yoga ilitoka India na ina mizizi ya kidini huko, lakini inayotumika kwenye tiba ni kunyoosha viungo na kupumua. Haihitaji vifaa, mkeka unatosha. Baada ya Isha, punguza taa, weka simu mbali (ndiyo, hata hii unayosomea). Lala chali, miguu iegemee ukutani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Dakika kumi hivi. Pumzi ndefu ya kutoa hutuliza mapigo ya moyo. Mjamzito, au mwenye presha, amuulize mhudumu wa afya kwanza.

Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Sat Bir Khalsa, alichapisha matokeo ya watu 20 wenye tatizo hili waliofanya yoga kila siku kwa wiki 8. Usingizi wao uliongezeka. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na watu 20 ni wachache.

Tiba inayotangulia ni nyingine. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri mtu mzima mwenye kukosa usingizi sugu aanze na tiba ya mazungumzo na kubadili tabia, kabla ya vidonge: kuamka saa ile ile kila siku, kutoka kitandani usingizi unapogoma. Yoga hutembea kando yake. Na kahawa ya barazani jioni huharibu yote mawili.

Ukikosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, hilo ni sugu. Nenda kituo cha afya. Kama umetumia vidonge kwa wiki kadhaa usiviache ghafla, unaweza kupata degedege. Vipunguzwe kidogo kidogo na mtaalamu.

Mama wa Njinjo alikwenda, akamweleza muuguzi habari za mafuriko pia. Mvua bado humwamsha. Siku hizi huondoka kitandani, hukaa mkekani akipumua, na hurudi kulala macho yakishakuwa mazito. Kichanga sasa ana godoro lake, karibu na la mama.