Upinde Bora ni Upi? Tuanze na Majina

Majuzi nilizuru boma moja karibu na Kehancha, Kaunti ya Migori. Mzee wa Kikuria aliyenionyesha upinde wake aliniuliza uzi unaouvuta waitwaje kwa Kiswahili. Nikajibu bila kusita, "Kamba." Akacheka. "Kamba ni ya kufungia ndama, mjukuu wangu." Nilifedheheka, kwani jina limo katika kamusi zetu za zamani: ni upote. Shahada ya Kiswahili nilikuwa nayo. Neno sikuwa nalo.

Wanaolinganisha pinde za jadi aghalabu huuliza ni upi wenye nguvu zaidi. Kwa kipimo hicho Waata wa nyika ya Tsavo wangetwaa ushindi, maana baadhi ya mata yao yalihitaji mvuto wa zaidi ya kilo 45. Lakini Waata waliwinda ndovu. Ilibidi mshale upenye ngozi nene ndipo sumu ya msunguti iingie damuni. Mwindaji wa paa katika vichaka vya bonde la Lambwe, Homa Bay, angeuona uta huo kuwa mzigo. Yeye angehitaji uta mfupi, usionasa matawini na unaovutika upesi. Nao Wajaluo, ingawa wana atung' (upinde) na asere (mshale), walisifika zaidi kwa mkuki na ngao.

Kwa maoni yangu, basi, ubora wa upinde hupimwa kwa kazi yake na kwa uwiano wa sehemu zake. Wano likiwa laini kupita kiasi kwa uta mkali, mshale hupotoka. Upote usipolegezwa baada ya kazi, mti huzoea kupinda na nguvu zake hupungua. Nani atayaeleza haya ikiwa uta, upote, wano, kigumba na ziaka yote yamemezwa na "upinde na mshale"? Hata Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, tunausoma kwa ajili ya ushujaa na usaliti, tukaupita uta ambao shujaa aliushika akiwa maiti na bado watu wakaogopa kukaribia kisima.

Yamkini msomaji atauliza faida yake, ilhali uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mishale imemwaga damu katika wizi wa mifugo mpakani mwa Wakuria na Wamaasai. Sitetei uwindaji, seuze umwagaji damu. Ninachotetea ni maarifa, ambayo hayana hatia.

Napendekeza wanachama wanaotoka Migori na Homa Bay watumie likizo ijayo kuwahoji wazee: mti gani, urefu gani, upote wa nini, na kila sehemu yaitwaje. Mzee wa Kehancha alinieleza kwamba hana mwanafunzi. Nitarudi kwake mwezi wa Disemba, safari hii nikiwa na daftari.