Kiwanda Kinapouzwa, Mfanyakazi Aulize

Siku hizi si ajabu kuamka asubuhi na kusikia kwamba kiwanda fulani kimepata mwenyewe mpya, naye yuko ng'ambo ya mpaka. Makampuni hukusanya mawakili, mawakili hufungua majalada, na kila hatua hupimwa kwa sheria. Hatuna ugomvi na jambo hilo, ndivyo ipasavyo. Lakini twauliza: katika majalada hayo, mfanyakazi ameandikwa ukurasa wa ngapi?

Mfano u karibu. Mwezi wa Oktoba 2021, Scancem, tawi la Heidelberg ya Ujerumani na mwenye hisa nyingi katika saruji ya Twiga, ilitangaza nia ya kununua hisa za AfriSam ya Afrika Kusini katika Tanga Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba. Hisa hizo zilikuwa asilimia 68.33. Tume ya Ushindani ilikubali mwaka 2022, lakini Septemba mwaka huo huo Baraza la Ushindani likatengua kibali hicho baada ya rufaa. Sheria ya wakati ule ilihesabu kampuni yenye zaidi ya asilimia 35 ya soko kuwa yaweza kulitawala. Ombi jipya lilipita mwaka 2023. Na mwaka 2024 Amsons, kampuni ya Kitanzania, ikashika hisa nyingi za Tanga. Mwisho wa mwaka huo Amsons hiyo hiyo ikaichukua Bamburi ya Kenya kwa shilingi 65 za Kenya kila hisa, nako ililazimika kupata vibali vya wasimamizi wa masoko, Nairobi na COMESA.

Somo ni moja. Wenye mabilioni walisimama wakangoja, kwa kuwa palikuwa na watu waliouliza. Sheria isiyoulizwa hulala.

Basi mfanyakazi aulize nini? Kwanza: zinauzwa hisa, au inauzwa mali? Hisa zikiuzwa, mwajiri ni yule yule kwa sheria. Wamebadilika wenye hisa tu, na mkataba wa kazi waendelea na miaka yake yote. Lakini ikiuzwa mitambo, majengo na jina, mnunuzi ni mwajiri mwingine. Hapo ndipo mtu huletewa karatasi mpya atie sahihi, na miaka yake kumi na mitano ikafutika kwa kalamu moja. Asitie sahihi kabla ya kuona imeandikwa ama kwamba miaka yake inahesabiwa, ama kwamba inalipwa.

Pili: ikiwa watu watapunguzwa, chama cha wafanyakazi kimeambiwa lini? Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamlazimisha mwajiri kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana kabla ya kupunguza. Kushauriana si kubandika tangazo langoni.

Tatu: kiinua mgongo ni kiasi gani? Hapa mpaka una maana kubwa. Kwetu sheria yatoa angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Kenya yatoa angalau siku kumi na tano kwa kila mwaka. Mtu wa miaka ishirini atapata kwetu siku 70, na kwa jirani siku 300. Kampuni moja ikimiliki viwanda pande zote mbili, wenye kazi ile ile hawatalingana wakiachishwa. Pengo hilo halizibwi kwa kulalamika, bali kwa mkataba wa hali bora unaopita kiwango cha chini cha sheria, na uandikwe kabla ya mauzo.

Wako wasemao kwamba madai kama haya huwafukuza wenye mitaji. Sisi hatuoni hivyo. Mnunuzi ahesabuye kila tanuri na kila lori hashindwi kuhesabu deni la mishahara. Mwenye nia njema hupenda kulijua mapema kuliko kukutana nalo mahakamani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Sheria ya ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 yaruhusu athari za muungano kwa ajira kupimwa kabla ya kutolewa kibali. Twataka swali hilo liulizwe wazi kila mara, huku kwetu pia, na viongozi wa wafanyakazi waitwe kulijibu pamoja na mawakili wa makampuni.

Nao wanachama wetu wafanye sehemu yao. Kila mmoja atunze barua yake ya kuajiriwa, hati za mshahara na kumbukumbu za michango ya pensheni, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Tajiri anao mawakili wake. Mfanyakazi naye awe na chama chake na karatasi zake, aje mezani kabla kalamu haijashushwa.