Makaa Yanaondoka, Maabara Iko Wapi?

Makamanda, mimi nimesoma sekondari ya serikali huku mwambao wa Ziwa Nyasa. Kemia tulichorewa ubaoni. Vifaa vya maabara nimevishika mara ya kwanza chuoni. Mwaka 2016 ada ilifutwa, safi sana, lakini kufuta ada hakujengi maabara.

Kule juu Ngaka makaa ya mawe yanachimbwa zaidi ya miaka kumi sasa. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii, akubaliane na halmashauri. Sasa mgodi uko Mbinga, na sisi wa Nyasa ni wilaya nyingine. Watatuambia hayatuhusu. Sawa, ila mrabaha unaingia Hazina, na Hazina ni ya wote. Hoja yetu ni moja: sehemu ya mrabaha wa Ngaka ijenge maabara Ruvuma nzima.

Na wewe wa Mbinga usilale. Nenda mkutano wa kijiji, muulize diwani mpango wa mwaka huu unasemaje. Akikwambia ni siri, mkumbushe: sheria hiyohiyo inaitaka halmashauri iwaelimishe wananchi kuhusu miradi hiyo.